Treni Iliyokaa Kabatini

Ipo siku moja, mwanangu Mwajuma, ambayo nikiikumbuka hata leo huwa natazama chini. Ilikuwa Ijumaa. Nilishuka kwenye basi pale Kisarawe nikitokea kazini Dar es Salaam, nimekumbatia boksi kubwa kifuani, sitaki mtu aliguse. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa ghala, na kichwa kimenivimba kweli kweli. Ndani ya boksi mlikuwa na treni: kichwa chake, mabehewa matatu na reli ya kuzungukia, yote ikiwa vipande vidogo vya plastiki ambavyo mtu anaviunga mwenyewe kimoja kimoja mpaka treni inasimama. Niliinunua kwa baharia mmoja aliyekuja na meli, na nilijiona nimewapita wenzangu wote.

Nakueleza haya kwa sababu ya picha uliyonitumia juzi kwenye simu. Umeniandikia, "Shikamoo Mjomba. Ninunue hii treni au niache?" Umesema kiwanda hakiitengenezi tena, muuzaji wa Kariakoo anakushikia mpaka mwisho wa wiki, na ukishaichukua hutaifungua, utaiweka na karatasi yake hivyo hivyo mpaka ipande thamani. Ungeniuliza habari ya bati au saruji ningekujibu papo hapo. Kwa hili nimekaa siku mbili, chai inapoa mbele yangu, mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa. Neno lako la kutoifungua ndilo lililonirudisha kwenye Ijumaa ile.

Babu yako hukumkuta. Baba yetu mimi na mama yako alikuwa mtu wa gengi la reli, karibu miaka thelathini, kipande cha kutoka Soga kwenda Ruvu. Kazi yao ilikuwa kubadilisha mataruma yanayobeba reli, kukaza misumari na kushindilia kokoto, jua lao na mvua yao. Treni ikikaribia, mnyapara anapuliza filimbi, wanaruka pembeni na mitaimbo yao, inawapita na vumbi lake, kisha wanarudi kuinama. Wewe leo unapanda treni ya umeme pale Soga umevaa viatu vyeupe, hupati hata doa. Yeye alikuwa akisema, "Nimezeeka na treni, lakini nzima sijawahi kuiona. Mimi naona ubavu tu, tena ukikimbia."

Basi jioni ile nilipoliweka boksi mkekani, Baba akaona kifuniko chake. Palikuwa na picha ya treni nzima, imepigwa kwa juu, inakata kona. Akaipitisha kidole.

"Hii inaungwa?" akaniuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Na ikishaungwa inatembea?"

"Inatembea, inazunguka yenyewe kwa betri."

"Basi kesho tukishamaliza kunywa chai tuikalie, mimi na wewe."

Nikamwambia, "Hapana, Baba. Hii haifunguliwi." Nikamweleza kwa ukarani wangu wote kwamba huko Ulaya wapo watu wanaokusanya vitu hivi, kwamba boksi likiwa na utepe wake wa gundi wa kiwandani ni mali, na ukikata ile gundi limekuwa kitu cha kuchezea tu. Baba akasema, "Sawa." Hakuwa mtu wa kuomba kitu mara mbili kwa mtoto wake. Na mimi, kwa upumbavu, ile sawa yake niliichukua kuwa ni sawa.

Sasa nikukumbushe kabati la bibi yako, lile ambalo mabaki yake yako kwa mama yako. Nyumba zetu karibu zote zilikuwa na kabati la namna hiyo, lenye vioo, vitambaa vya kufuma na vyombo vya wageni. Sisi wa ndani tulikunywa kwenye vikombe vya plastiki na kula kwenye sahani za bati zilizobanduka rangi. Vikombe vya maua vilikuwa vya watu wa posa, vya sheikh akija kusoma maulidi, vya wageni wa Idi. Vingine vilipata ufa humo humo kabatini bila kuonja chai hata siku moja. Hatukulazimishwa na mtu, tuliona ndiyo heshima ya nyumba. Nikamwomba Mama rafu ya juu, nikaipanga treni yangu katikati ya mabuli mawili, na kitambaa chake chini.

Wageni wakija wanaisifia. Rafiki yangu mmoja alikuwa amenunua kiwanja Kibaha na kila tukikutana ni kiwanja, kiwanja. Nikawa namjibu kwamba kiwanja changu mimi kipo kabatini. Nilijipenda sana enzi hizo, mwanangu.

Mwaka ule ule Baba akaanza kujigonga kwenye miimo ya milango. Anataka kikombe, mkono unatua pembeni yake. Tulimcheka, Mungu atusamehe, tukamwambia ameanza kulewa uzeeni. Mama ndiye aliyeacha kucheka mapema, akampeleka hospitali. Daktari akasema ni presha ya macho, tena imekaa siku nyingi. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki ni kidogo, na dawa ya matone inaweza kukichelewesha kuondoka, basi. Baba akarudi nyumbani, akavua kofia, akaomba maji ya kutawadha.

Ijumaa iliyofuata nimeingia ndani nakuta kabati limebaki karibu tupu. Baba amekaa mkekani anakunywa uji kwenye kikombe cha waridi chenye mstari wa dhahabu mdomoni. Mbele yake sahani ya maua, juu yake vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha.

Nikauliza kwa utani, "Mama, leo kuna mgeni gani?"

Mama hakucheka. "Mgeni gani ninayemngoja zaidi ya huyu? Miaka thelathini na mbili nampa kikombe cha plastiki, maua nawawekea wapita njia. Acha ayaone." Kisha akaelekeza kidole kwenye rafu ya juu. "Mimi vyangu nimeshatoa. Chako kimebaki peke yake."

Usije ukanitetea, mwanangu, ukasema Mjomba alikuwa kijana, hakuelewa. Nilielewa vizuri kabisa. Ila kulikuwa na mnunuzi mmoja mjini aliyeniahidi kuja kulitazama boksi baada ya Idi, na nikahesabu kwamba Baba bado anaona, si anakiona kikombe? Nikasema, "Baada ya Idi, Mama." Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda zake jikoni. Bibi yako hakuwa mtu wa kubishana, alikuwa anakuacha na maneno yako.

Idi ikapita, yule mtu hakuja. Nikampa mwezi mwingine. Masika yakaanza, njia ikawa tope, nikapata na sababu ya kutokwenda nyumbani kila wiki. Nikienda, Baba anageuza uso upande wa kabati akinisikia naingia, na mimi najifanya natafuta malapa. Laiti angesema, laiti angenifokea hata mara moja tu, nadhani ningelifungua boksi lile kwa hasira.

Mvua zilipokatika nikaenda Kisarawe, mchana, jua limetoka zuri. Baba alikuwa amekaa barazani. Nikasimama mbele yake, hatua mbili hazifiki, nikamsalimia, "Shikamoo, Baba." Akanyoosha mkono hewani na kuniuliza, "Marahaba. Nani, Athumani?" Nilikuwa nimesimama kwenye mwanga wote ule, na kijana mwingine wa kiume hakuwa naye.

Sikukaa hata chini. Nilikwenda moja kwa moja kabatini, nikachukua kisu cha jikoni, nikakata gundi, nikamwaga vipande vyote mkekani miguuni pake. Mama akasimama mlangoni anatazama, mikono imejaa unga. Nikamshika Baba mkono nikauweka juu ya vipande. Akavipapasa kwa vidole polepole, akachukua kimoja kilichokuwa kikubwa kidogo, cha kichwa cha treni.

"Hiki rangi gani?"

"Chekundu, Baba."

"Chekundu kipi? Sisi tukisimamisha treni tulikuwa na bendera nyekundu. Ni kile chekundu cha bendera, au hiki cha udongo wetu wa Kisarawe?"

Nikakitazama kile kipande. Nikakigeuza huku na huku. Nikaona sijui kumjibu. Nikasema, "Kipo katikati ya hivyo viwili, Baba."

"Hapo katikati," akasema, wala hakupandisha sauti, "ndipo nilipotaka nipaone mwenyewe."

Ndipo nilipogundua jambo: hata mimi mwenye mali sikuwa nimeiona. Miezi yote ile nilikuwa na boksi. Treni yenyewe ilikuwa haijaonwa na mtu yeyote, si mimi, si Baba, si wale wageni wa kusifia. Niliyanyima macho yaliyokuwa yanakwenda zao, nikayawekea akiba macho ya mtu nisiyemjua, ambaye hata hakuja.

Tuliiunga kwa Ijumaa tatu. Vidole vyake vilikuwa na akili kuliko vyangu, alikuwa anajua kwa kugusa tu kwamba reli imekaa upande, akinirudisha nianze upya kama alivyokuwa akirudishwa na mnyapara. Ilipoanza kuzunguka aliinamisha sikio, akaifuata kwa uso mzunguko mzima, halafu mwingine. Akanitafuta bega, akanishika. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Nimeishika." Mama akatoka nje. Baba aliishi miaka sita baada ya hapo, na wageni aliwasimulia mara nyingi kwamba mtoto wake alimletea treni. Kila mara alisema ameishika, hata siku moja hakusema ameiona. Hakusema uongo kunifurahisha, na mimi nililia nikiwa mtu mzima mwenye ndevu.

Sasa nikujibu ulichoniuliza. Kununua si kosa. Watakaokucheka kwamba mwanamke mzima, mfanyakazi wa ofisini Kibaha, anatafuta vitu vya kuchezea, waache wacheke, jasho ni lako na moyo umependa. Lakini kabla hujampelekea muuzaji jibu, kaa ujiulize ni nani utakayekaa naye chini mkafungua. Ukimpata, hata mmoja, kanunue na ufungue siku hiyo hiyo. Ukiona huna moyo wa kukata ile gundi, iache dukani. Usiingize nyumbani kitu ambacho watu wako watakizunguka kwa uangalifu na kukisifia kwa mbali. Na hilo si la treni peke yake. Vitenge vilivyo sandukuni, chumba kizuri ulichokifunga kinangoja wageni, maneno mema unayomwekea mama yako mpaka siku ya shughuli, vyote vitoe sasa hivi, wenyewe wakiwa wanakuona.

La pili nilitaka kukuambia uso kwa uso, ila naona nikingoja nitakuwa narudia kosa langu. Presha ya macho hutembea katika ukoo. Mimi ninayo, Mwajuma. Nimeanza matone tangu mwaka jana. Pembeni hapa, kushoto, pameshaingia ukungu, na mbele bado naona vizuri, picha yako niliiona kila behewa. Sikuambii ili unihurumie, na sikuambii ili ununue. Nakuambia ili wiki hii uende ukapimwe macho, umchukue na mama yako, hata akikuapia kwamba anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Sisi tuliona tunamcheka Baba, kumbe tulikuwa tunapoteza siku zake. Ukiamua kuinunua, basi ije hapa kwangu Misugusugu ikiwa bado imefungwa, njoo asubuhi kukiwa na mwanga, na kisu nitakishika mimi.

Nenda salama, mwanangu. Mwenyezi Mungu akulindie macho yako na ya mama yako, akupe unachokipenda, akupe na mtu wa kukitazama naye, na akupe wepesi wa kukifungua mapema. Wala asikufikishe siku ya kuulizwa rangi na mtu umpendaye ukakosa la kumjibu. Amin.