Chui Milia Mwenye Jina Langu

Nina jina la nyanya, mzazi wa Mama. Kwetu binti wa pili hupewa jina la nyanya wa upande wa mama, ndiyo maana Mama haniiti kwa jina. Ananiita "mamangu". Nikivunja sahani, anashindwa kunigombeza sawasawa, kwa sababu ni kama anamgombeza mzazi wake. Kinga hiyo nimeitumia hadi imechakaa.

Kisha dada yangu mkubwa akaenda Bhutan kulinda chui milia. Yeye na wenzake hupanda milima wakifunga kamera kwenye miti, na huketi na wafugaji walioliwa ng'ombe wao ili wasitege nyaya kwa hasira. Kila Jumapili tukitoka kanisani anapiga simu ya video, na Mama, ambaye wiki nzima amekuwa akiogesha wazee wa watu kwenye makao ya kule Longbridge, huku ughaibuni tunakoishi, anapata nguvu ghafla.

Jumapili moja dada akatuonyesha jike mwenye watoto wawili. "Kazini ana namba tu," akasema, "lakini mimi nimempa jina la nyanya."

Jina langu, basi. Hakuniuliza.

Mama akaegemea friji, akacheka mpaka machozi. "Ona vile anatembea. Huyo ni mamangu kabisa. Hata kununa ni kwake."

Kufikia jioni picha ya mnyama ilikuwa kwenye friji, na cheti changu cha kuogelea kimehamishiwa juu ya maikrowevu. Kwenye ushirika wa akina mama kule Saltley aliombewa, yeye na wanawe. Mimi nilikuwa na mtihani wa hesabu wiki hiyo, hakuna aliyeniombea. Nikamchora miwani na masharubu. Mama akaprinti nyingine, kubwa zaidi.

"Sasa unamwonea wivu mnyama?" dada akaniuliza.

"Mnyama gani? Si ni nyanya."

Halafu jike akapotea. Wiki baada ya wiki kamera zilileta nguruwe na ukungu, na wenzake dada wakaokota waya wa mtego kwenye njia aliyozoea kupita. Mama akawa hamalizi chakula. Nami nikarudishiwa cheo changu: "Mamangu, umekula? Mamangu, njoo nikusuke." Nilikuwa nimeomba kusukwa tangu likizo. Nikakaa katikati ya magoti yake nikafurahi, kisha nikajichukia kidogo kwa kufurahi, lakini sikuinuka.

Alikuwa amefika katikati ya kichwa simu yake ilipolia mikononi mwangu. Picha kutoka kwa dada: jike amelowa, amekonda, watoto wawili nyuma yake. Ile milia ya ubavuni niliijua. Nilikuwa nimeikodolea macho pale frijini kwa chuki ya kutosha.

Nikalaza simu kifudifudi mapajani.

"Nani huyo?"

"Watu wa shule."

Akasuka mstari mmoja, taratibu. Akasuka wa pili. Kwenye wa tatu vidole vikasita, nikamsikia akinong'ona, "Mungu, basi hata watoto tu."

Nikainua simu juu ya bega langu ili aone.

Kitana kikaanguka. Nilipogeuka alikuwa kwenye korido tayari, anampigia dada, analia na kucheka.

"Mama, na huu upande mwingine?"

"Funga kitambaa," akasema bila kunitazama.

Jumatatu nilienda shule na nusu kichwa. Walioniuliza niliwaambia ni mtindo wa Bhutan.