Suti ya Baba Mwilini mwa Mama

Harufu ya sufu yenye unyevu inapoguswa na pasi ya mkaa haifanani na harufu nyingine yoyote ninayoijua. Ina kitu cha mnyama ndani yake, kama kondoo aliyenyeshewa, kisha inakuja harufu ya moshi, kisha ile ya vidonge vyeupe ambavyo baba alikuwa akivitia mifukoni kufukuza wadudu wanaokula nguo. Ndiyo harufu iliyokuwa ikiniamsha asubuhi nyumbani kwetu Maisaka, katika majira ya baridi ya mwaka ule Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara. Kabla ya hapo ilikuwa harufu ya Jumapili tu, baba akijiandaa kwenda kanisani. Mwaka ule ikawa harufu ya kila siku, na aliyekuwa akiipiga pasi ile suti na kuivaa alikuwa mama.

Baba alikuwa mtu wa Singida. Alikuja Babati akiwa kijana, akapata kazi ya ukarani kwenye ghala la mazao, akaoa kwa watu wa Dareda, akabaki. Suti ile aliishonesha Arusha kabla hajaoa, zama ambazo vijana walivaa suruali za bugaluu, pana chini kama kengele. Ilikuwa ya kahawia yenye mistari myembamba, ya vipande vitatu, koti lenye kola pana iliyolala mpaka karibu na mabega, na kizibao chenye vifungo vingi. Juu yake alivaa kofia ya pama ya kijivu. Wenzake walipoacha mitindo hiyo yeye hakuacha. Watu walimzoea hivyo, wakamwona kama mnavyouona mti uliokuwapo siku zote njiani. Alikufa masika, baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi. Tulimzika nyuma ya nyumba, kando ya mahindi, udongo ukiwa umelowa mpaka ukawa unanata kwenye makoleo. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Nakumbuka watu wakinitazama kuona kama ninalia, na nakumbuka kwamba sikulia, na kwamba kutolia hakunisumbua.

Matanga yalipoisha, ndugu wa baba walikaa sebuleni kugawana nguo zake, kama ilivyo desturi. Mashati yalipata wenyewe, na jaketi la baridi, na viatu vya kazini. Baba Mdogo Elia, mdogo wake wa tumbo moja, aliinyanyua ile suti, akaipima kwa macho, akairudisha kitini. "Nani atavaa bugaluu siku hizi?" alisema, na wengine wakatabasamu kwa adabu ya msibani. Kofia nayo hakuna aliyeitaka. Walipoondoka kurudi Singida, suti na kofia vilibaki pale kitini, na mama hakuvigusa kwa muda mrefu. Tulikuwa tukila tukiwa tumevizunguka, kama vile kuna mgeni asiyekula.

Ilianza na baridi. Mwezi wa sita Babati huwa na upepo unaotoka ziwani asubuhi, na mama alikuwa akiondoka mapema kwenda sokoni kuuza maharage. Siku moja akatupia lile koti juu ya gauni lake. Siku iliyofuata akavaa na kofia, kwa sababu alikuwa amenyolewa nywele kwa ajili ya msiba na kichwa kilikuwa kikipata baridi. Baada ya hapo sikumbuki vizuri ilivyokwenda, ila nakumbuka asubuhi moja nikitoka chumbani na kumkuta amesimama mlangoni amevaa yote, koti, kizibao na suruali, na miguuni kandambili, kwa kuwa viatu vya baba vilikuwa vimeshagawiwa. Mama alikuwa mrefu kama baba. Nilimuuliza kwa nini amevaa nguo za baba. Akajitazama mikono, akateremsha macho mpaka kwenye pindo za suruali, kama mtu anayeulizwa swali ambalo hakulifikiria. "Zinanitosha," alisema. Tukaondoka, yeye na kiroba cha maharage kichwani juu ya kofia, mimi na daftari zangu, kwa kuwa shule yangu ilikuwa njia moja na soko.

Majirani wa Maisaka waliotujua walinyamaza tukipita, wakaanza kusema tukishapita. Lakini Babati ya mwaka ule ilikuwa imejaa watu tusiowajua na wasiotujua. Mkoa ulileta wafanyakazi wa ofisi kutoka kila upande, wakapanga vyumba Nangara na kwetu, wakawaleta wake na wadogo zao. Wakaja wafanyabiashara kuwafuata hao, na wachimbaji wa madini kutoka Mirerani waliokuwa wakitafuta kiwanja cha kujenga. Hao ndio walioitazama suti ya baba kwa macho mapya. Mabosi wa mkoa walikuwa hawajazoeleka sura, na mtu yeyote mwenye suti aliweza kuwa bosi, kwa hiyo ilitokea mara nyingi kijana akatoka nyuma yetu kwa haraka na kusema kwa heshima, "Shikamoo mzee." Mama alijibu, "Marahaba," akageuka, na kijana akabaki mdomo wazi. Wengine waliomba radhi. Wengine walicheka mpaka wakashika magoti. Mwanamke mmoja aliyevaa vizuri, naamini mke wa mtu wa ofisini, alitusimamisha karibu na soko, akavua mtandio wake na kutaka kumpa mama ajistiri. Mama alimshukuru, akamwambia hasikii baridi. Yule mwanamke akanitazama mimi kwa huruma kubwa, na mimi nikatazama kucha za miguu yake, zilizopakwa rangi nyekundu.

Watoto walitufuata wakiita, "Mkoloni, mkoloni." Sokoni wapo walionunua maharage kwa mama ili tu wapate kumwangalia kwa karibu, na wapo walioacha kununua kwa kuogopa. Nilimsikia mama mmoja muuza nyanya akimweleza mteja mgeni, bila kushusha sauti, "Alifiwa na mume, akili ikamfuata marehemu." Kanisani mzee mmoja wa usharika alimwomba akae benchi la nyuma kwa sababu ya suruali, na mama akakaa benchi la nyuma. Mtu mmoja tu, mzee mgeni mwenye baiskeli, alipotukuta njiani alishuka, akavua kofia yake, akainama kidogo, akapanda tena na kwenda zake. Sikujua alimaanisha nini.

Watu huniuliza kama niliona aibu. Ningependa kusema ndiyo, maana aibu ni kitu kinachoeleweka. Lakini nilikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu, ambao unajua upo kwa sababu unauona, siyo kwa sababu unausikia. Vicheko vilifika mpaka kwenye ngozi vikaishia hapo. Nadhani mama naye alikuwa hivyo. Tulitembea katikati ya mji unaocheka, tukizungumza kuhusu chumvi na mafuta ya taa.

Habari zilifika Singida. Baba Mdogo Elia alikuja na basi la jioni, akamkuta mama uani akichambua maharage, kofia kichwani. Alikuwa mtu mpole, fundi seremala, na nadhani hakuifurahia kazi aliyotumwa na ndugu zake.

"Shemeji," alisema, "watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Unajua wanachosema."

Mama aliendelea kuchambua. Baba Mdogo akasema kwamba mtoto hawezi kukua akichekwa njiani kila siku, kwamba wazee wa ukoo wamekaa, na wameonelea Yunis, yaani mimi, akaishi kwake Singida mpaka hapo mama yake atakapokuwa sawa. Au basi aziache hizo nguo, na mambo yaishe.

"Lini?" mama aliuliza.

"Kuondoka? Kesho kutwa, shule zikifungwa."

"Sawa," alisema mama.

Ndivyo nilivyogawiwa. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikisikia kila neno, na nikasubiri kitu kinichome, hakikuja. Nilifikiria kama Singida kuna ziwa. Siku iliyofuata mama alifua nguo zangu, akazikunja, akazipanga kwenye begi la nailoni liitwalo shangazi kaja, na juu yake akaweka karanga alizokaanga kwa chumvi. Aliponisuka nywele vidole vyake vilikuwa vya baridi, na alisuka polepole kuliko kawaida, akarudia mstari mmoja ambao haukuwa na kosa.

Asubuhi ya safari alivaa suti yote. Nadhani Baba Mdogo alitumaini kwamba siku hiyo angalau angevaa gauni. Alipomwona, akatangulia. Tulitembea kutoka Maisaka mpaka stendi, yeye mbele sana kama mtu asiyehusika, mimi katikati, mama nyuma na begi langu. Stendi ilikuwa na vumbi na kelele za wapiga debe wakiita Arusha, Kondoa, Singida. Walipomwona mama wakaacha abiria. "Bosi, Arusha bosi? Bosi twende Dodoma ukaonane na wakubwa wenzako." Watu waliokuwa madirishani mwa mabasi wakatoa vichwa. Kijana mmoja mwembamba, mpiga debe mwenye tai ya kamba aliyojifunga kwa mzaha, alimzunguka mama, akanyoosha mkono na kumvua kofia, akaivaa yeye, akaanza kucheza akiwa ameshika kingo zake kwa vidole viwili.

Stendi nzima ilicheka. Mama alisimama palepale. Aliinua mkono akaufunika utosi wake, na watu wakaona kichwa kilichonyolewa, nywele zikianza kurudi mabaka mabaka, nyingine nyeupe. Baadhi ya wanawake waliacha kucheka hapo. Wengine waliendelea, kwa sababu kijana alikuwa bado anacheza.

Baba Mdogo alikuwa ameshafika mlangoni mwa basi la Singida. Niliona akigeuka. Alirudi akiwapangua watu kwa mabega, bila haraka, mpaka akasimama mbele ya yule kijana.

"Vua," alisema.

"Mzee, ni utani tu."

"Hiyo kofia ni ya kaka yangu. Suti hiyo ni ya kaka yangu. Tumemzika masika haya, na huyu ndiye aliyemwosha na kumlisha mpaka mwisho. Sisi hatukuwepo."

Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu walisikia, na waliokuwa mbali wakanyamaza kwa sababu wa karibu walikuwa wamenyamaza. Kijana akavua kofia. Akaifuta vumbi kwa kiwiko, akamkabidhi mama kwa mikono miwili. "Nisamehe, mama," alisema. "Pole kwa msiba." Na hapo, nyuma yake, sauti moja ya mwanamke ikasema pole, kisha nyingine, mpaka pole zikazunguka stendi kutoka kwa watu wa Mbulu na Kondoa na Moshi ambao hawakumjua baba yangu. Mama aliitikia kila moja, "Asante, nimeshapoa," kama alivyoitikia siku ya mazishi.

Kondakta akapiga ubavu wa basi. Baba Mdogo alinitazama, akamtazama mama, akachukua begi langu kutoka mkononi mwake. Nikaanza kumfuata. Alipiga hatua chache kuelekea basini, akasimama, akarudi na kuliweka begi chini miguuni mwa mama.

"Mtoto abaki," alisema.

"Tiketi yake umeshakata."

"Kiti kitakaa kitupu."

"Wazee utawaambia nini?"

"Nitawaambia nimemwona kaka," alisema, akapanda. Basi lilipogeuka nilimwona dirishani, pembeni yake kiti kitupu, akijifuta uso kwa leso. Mama alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Tulirudi nyumbani, tukala zile karanga uani, akaniuliza kama chumvi imezidi, nikasema haikuzidi.

Aliendelea kuvaa suti baada ya hapo. Watu hawakuacha kabisa kucheka, wageni walikuwa wakiingia mjini kila wiki, lakini sasa palikuwa daima na mtu wa kuwaambia habari za msiba, na kicheko kilikatikia njiani. Ilipofika mvua za vuli, mama akatoka chumbani asubuhi moja akiwa na gauni la kitenge. Suti alimpa kijana mmoja wa Nangara aliyekuwa anaoa, na fundi akaibana miguu ya suruali. Mimi nililia kwa mara ya kwanza karibu na Krismasi, kwa sababu ya kikombe kilichovunjika, na nikalia mpaka mama akaacha kunibembeleza, akakaa tu.

Siku hizi Babati ina lami na bajaji nyingi, na hakuna anayeuliza nani ametoka mkoa gani. Vijana wanapooana huvaa mitindo ile ya zamani, kisha huenda kupigwa picha ziwani. Mwezi uliopita, nikiwa nimemtembelea mama, bajaji yetu ilisimamishwa na kundi la harusi ya namna hiyo: wavulana na wasichana pia, wote wamevaa suti za kola pana na kofia za pama, na watu wasiowajua wakiwapiga picha kwa simu na kupiga vigelegele. Nilitafuta ndani yangu uchungu, au wivu, au furaha. Nilipata kidogo sana. Niliwaza tu kwamba watu wale wa stendi walitucheka usoni, na walipoambiwa wakatupa pole usoni vilevile, na kwamba hawa wanaoshangilia wataondoka bila kujua hata jina la bibi harusi.

Mama aliwatazama kwa muda, mikono mapajani. Ana umri mkubwa sasa na haoni vizuri.

"Wamependeza," alisema.

Kisha akamwambia dereva apite pembeni taratibu, asiwachafue kwa maji ya dimbwi.