Nilivyojifunza Kuachia Jiwe

Siku ya kwanza nilipopanda mwamba ule juu ya kijiji cha Olmotonyi, niliganda. Kamba ilikuwa imara, mkanda umenibana kiuno, lakini mikono iligoma kuachia jiwe ili nining'inie kwenye kamba. Mwalimu wetu wa kuongoza wapanda milima, mwanamume anayenizidi miaka kama ishirini, akatoa simu akanirekodi nikilia. Jioni video ilikuwa kwenye kundi la wanafunzi wote, na chini yake ameandika: "Huyu akauze ndizi."

Mama yangu anauza ndizi. Nilimchukia mtu yule mpaka chakula kikakosa ladha.

Sikuacha mafunzo. Asiyeweza kuachia jiwe hapewi cheti, na bila cheti hakuna kazi. Basi kila Jumamosi rafiki yangu wa darasani alinishikia kamba kutoka chini, akailegeza kidogo, nami nikajiangusha makusudi. Kwanza nusu mita, roho mkononi. Kisha mita nzima. Kisha mbili. Kila nilipotaka kughairi nilikumbuka yale maneno, nikaachia. Wengine huondolewa hofu na maombi. Yangu iliondolewa na kinyongo.

Ni wakati huo nilipong'amua kwamba mwalimu mwenyewe hatujawahi kumwona akining'inia. Akishapanda, hushuka kwa miguu nyuma ya mwamba, eti anakagua njia.

Siku ya mtihani nilipanda, nikaachia mbele ya darasa zima, nikaning'inia nikicheka. Niliposhuka nikamwambia kwa adabu zote, "Mwalimu, tuonyeshe na wewe. Nitakushikia kamba." Wenzangu wakapiga makofi. Angekataaje?

Alipanda vizuri mpaka katikati, akaganda. Mguu ukaanza kucheza kama cherehani.

"Nishushe!"

"Achia jiwe kwanza, mwalimu."

"Siwezi!"

"Shikamoo, mwalimu."

Darasa likasubiri, maana shikamoo haiachwi hewani.

"Marahaba," akajibu, sauti imekonda.

"Habari za huko?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri, binti yangu."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Nikamuuliza mpaka habari za ng'ombe na za mvua, taratibu, kama mtu aliyekutana na mkwewe njiani. Zote zilikuwa nzuri. Zilipokwisha, vidole vyake vikachoka, akaanguka. Uzito wake wote ukanijia kiunoni, nikamdaka. Alinitazama kutoka kule juu, uhai wake uko mikononi mwangu, na sikumwonea huruma hata chembe. Nikamshusha polepole, ili kila mtu amwone vizuri.