Ukili wa Vipande Vitano

Mwalimu wetu wa baiolojia pale Msambweni hakupenda kuchora jeni ubaoni. Alikuja na ukili mrefu, ule mkanda wa ukindu uliosukwa na mamake, akaukata kwa makasi mbele yetu, sehemu kubwa akaitupa sakafuni, kisha akavishona pamoja vipande vitano alivyobakisha. Hivyo, alisema, ndivyo mwili unavyoisoma jeni ya kimeng'enya kinachosaga nyama tunayokula: hutupa sehemu kubwa na kuunga vipande vitano. Mkono wake wa kushoto haukubanduka tumboni. Tulishazoea kumwona akiinama ghafla, akingoja, kisha akiendelea na somo.

Mwenzetu Tumu akamuuliza, "Na kipande kimoja kikiwa na kasoro, mwalimu?"

"Kimeng'enya huamka kabla ya wakati wake, kikaanza kumla mwenyewe kutoka ndani, na kasoro hiyo hurithiwa. Ndicho kilichomuua babangu."

Alipoinua macho alimwona binti yake, Muhsina, kwenye safu ya mbele. Muhsina alikuwa ameinama, mkono wa kushoto tumboni kama babake. Sindano ikamdondoka mwalimu. Akapiga magoti kando ya dawati.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu Ramadhani, baba. Wakati ule sote tulikuwa tumefunga, hakuna aliyeniuliza kwa nini sili."