Kidole Kilichokataa Wenzake

Nakumbuka asubuhi moja pale Minago, kwetu Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, mwanangu, nikiwa bi harusi wa miezi saba, mjuaji kuliko waganga wote wa Rumonge. Nilikuwa natibiwa ukoma. Vidonge nilivimeza vizuri, hata mabaka ya ngozini yakaanza kufifia. Mara yakavimba, yakawa mekundu na ya moto, na kiwiko kikaniuma vibaya. Nikasema moyoni, dawa hii inaniua. Nikavificha vidonge chini ya gunia la mihogo, nikawa naukanda mkono kwa mawese ya moto, kama tunavyokanda kila kitu huku kwetu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini mimi nilijiona nimewazidi wahenga akili.

Basi asubuhi hiyo tulikuwa tunaanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, mimi na mama mkwe, mwanamke mkali niliyemwogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Akanishika mkono ghafla. Kidole changu cha mwisho kilikuwa kimekaa pembeni, hakitaki kuungana na wenzake.

"Weye, mukono yako iko inakufa, na unanyamaza?" akasema. "Kaka yangu alinyamaza ivi ivi. Leo hana vidole. Vaa viatu, tuende."

Kwenye kituo cha afya, mganga alinigusa kiwiko nikaruka, nikakiri kwamba vidonge nimeviacha.

"Dawa haikukosea," akaniambia. "Mwili yako ndiyo iko inapigana na vidudu, na mishipa ya fahamu inaumia. Murakoze, asante kuja mapema."

Akanipa dawa nyingine ya kutuliza uvimbe, akasema ataipunguza yeye mwenyewe kidogo kidogo, nisiikatize. Na vile vidonge vya ukoma niendelee navyo. Miezi yote ya dawa ile mama mkwe alinichotea maji ili nipumzishe mkono, akinung'unika njia nzima. Kidole kikarudi mahali pake. Mama mkwe amekwisha kufariki, na bado namshukuru kila ninapofunga kitenge kwa mikono yangu miwili.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitibiwa ukoma, au hata ukiwa umemaliza dawa, ukaona baka limevimba, mkono umelegea, mguu unaburuta au jicho linauma, usiache dawa, usikande, usingoje siku ya soko. Nenda kituoni siku hiyo hiyo. Na ukimwona mwenzako anaficha mkono, usimkimbie. Mfokee kwa upendo. Mungu akulindie vidole vyako vyote kumi, na siku utakapokuwa mjinga kama mimi, akuletee mtu mkali.