Lindo la Afande Ocira

Mtu akikuambia Afande Ocira ni mjinga, mlete kwangu, nitamjibu mwenyewe. Mimi Moreen Nakhisa nimeishi naye ukuta kwa ukuta hapa Bwaise tangu nilipotoka Bungoma kuja kuuza mitumba, na sijaona mtu mwangalifu kama yule. Alikuwa polisi wa lango. Maisha yake ya kazi aliyamaliza kwenye mageti ya watu wakubwa, na kanuni yake ilikuwa moja: huondoki lindoni mpaka aje wa kukupokea. Mkewe Santina alikuwa akimtania kwamba hata siku ya kiyama atamwuliza malaika nani anampokea zamu.

Santina alikufa mwaka jana kwa kansa ya koo. Kabla sauti haijamwisha, alikaa mbele ya kompyuta yao ya mezani akajirekodi video ya kumbariki binti yao Ayaa, ichezwe siku wakwe watakapoleta mahari. Yeye alishikilia kwamba baraka ya mama haitangulii siku yake. Kwa hiyo akakataza mtu yeyote asiitazame mapema, wala isitumwe kwenye simu, isije ikazurura kwa watu. Siku ya kurekodi Afande alitutoa sote nje, akasimama mlangoni mpaka mkewe alipomaliza.

Tangu hapo ile kompyuta ndiyo ikawa lindo lake. Aliipandisha juu ya kabati, na kabati akaliinua kwa matofali, maana mafuriko ya Bwaise hayapigi hodi. Maji yaliingia kweli, yakaharibu godoro na viti, kompyuta hayakuigusa. Ayaa, ambaye ni mwalimu kule Arua, kila akipiga simu aliuliza, "Baba, mama yuko salama?" Naye alijibu, "Yuko."

Basi Ayaa akapata mchumba, kijana anaitwa Komakech, na siku ikapangwa. Afande akataka video ionekane kwenye televisheni ya kuazima ili wakwe wote waone vizuri. Mchana mmoja akaingia kwenye intaneti kutafuta programu ya kuionyeshea.

Nilikuwa nakunja nguo zangu nikasikia king'ora. Nikadhani moto, nikakimbilia kwake. Skrini nzima ilikuwa nyekundu, katikati kuna ngao kama nembo ya jeshi, na maandishi makubwa: kompyuta yako imeshambuliwa, usizime, piga namba hii sasa.

"Afande, zima hiyo takataka!"

"Dada Moreen, hapana. Imesema usizime."

"Nani kasema?"

"Antivairasi. Imeona adui."

"Antivairasi gani? Uliiweka lini wewe?"

Alikuwa ameshasimama wima, mikono ubavuni, kama aliyepewa amri na mkubwa wake. Banange! Mtu mzima, na ngao ya kuchorwa tu.

Akapiga ile namba. Mshenzi wa upande wa pili alikuwa na adabu ya kunyenyekea, akamwita "afisa", akamwelekeza kupakua programu. Ikaanza kupekua mafaili, kila moja likigeuka jekundu. La Santina nalo likageuka.

"Hata hii ya mke wangu?" Afande akauliza.

"Hiyo ndiyo imeathirika zaidi, afisa. Bonyeza pale pa kusafisha, na usizime mpaka nikupigie."

Nikanyoosha mkono kwenye waya wa umeme nichomoe. Afande akanishika kiganja, taratibu tu. "Dada, tafadhali. Huyu ni Santina." Sasa hapo ungefanya nini? Nikatoka na hasira zangu, na yeye akabonyeza.

Hakupigiwa. Alikaa kwenye kiti mpaka asubuhi, mashine ikinguruma, akisubiri. Namba ilikuwa haipatikani tena, na pale ilipokuwa video palikuwa patupu.

Tukaibeba hadi Lubaga kwa Hasifa, dada anayetengeneza kompyuta. Aliihangaikia siku kadhaa, akatuita.

"Mzee, ile haikuwa antivairasi," akasema. "Lilikuwa tangazo la matapeli kwenye ukurasa wa intaneti. Antivairasi ni ile uliyoweka mwenyewe na unaijua jina. Haikupigii king'ora, haikupi namba ya simu, haikukatazi kuzima. Ungefunga ule ukurasa, ungekuwa umemaliza."

"Na video?"

"Faili likifutwa huwa halipotei mara moja. Ukizima mapema, mara nyingi tunaliokoa. Lakini hii iliachwa inawaka usiku kucha, na ile programu ikawa inaandika mambo yake juu ya kila kilichofutwa."

Afande akafikiri. "Kwa hiyo ningeacha lindo, angepona?"

Hasifa akatazama meza yake. Mimi nilitoka nje nikalia, na sioni haya kusema. Wale watu hata hawakujua wameiba nini.

Nilimsihi ampigie Ayaa simu, amwambie mapema. Akakataa. "Nitaripoti uso kwa uso," akasema.

Siku ikafika. Wakwe wakaketi, televisheni imeshawashwa, Ayaa amevaa nguo ya mama yake iliyopunguzwa kiunoni. Akasema, "Baba, weka sasa."

Afande akasimama mbele ya watu, mikono ubavuni, akaeleza yote, kuanzia king'ora mpaka Lubaga. Hakujitetea hata kidogo.

Ayaa hakupiga kelele. Alisema kwa upole uliotuumiza sote, "Basi niambie wewe, baba. Mama alisema nini?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa mlangoni."

"Hukusikia hata neno moja?"

Mzee akainamisha kichwa. "Nilimsikia akicheka. Mara moja."

"Akicheka vipi?"

Afande Ocira akafungua mdomo, akajaribu kukiiga kicheko kile, mbele ya wakwe wote. Hakikutoka kitu.