Kisogo Mlangoni

Chwap.

Kaka yake alikuwa akilowesha kidole gumba kwa ulimi, anakibana kwenye pembe ya ukurasa, kisha anauvuta kwa nguvu hadi unalia. Alisema ukurasa usiolia haujafunguka. Yeye alikuwa bado mtoto wa kulazwa mapema, amejifunika shuka hadi kidevuni, na kila aliposikia ile chwap alifumba macho, maana hakujua shujaa angekuwa wapi atakapoyafumbua.

Kishikwambi hakilii hivyo. Sasa ni bibi, na binti yake alipompa kimoja cha kusomea vitabu, kilikuja na mlio wa bandia wa karatasi, kamlio kembamba kama ka mdudu aliyenaswa kwenye pazia, na jambo la kwanza alilotaka kufundishwa lilikuwa namna ya kuuzima.

Kazini wanamwita Bi Shuka. Anafua na kunyoosha shuka za hoteli katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Shuka chafu hutupwa kutoka ghorofani kupitia tundu la ukutani, na zikitua kwenye kapu hutoa mshindo laini, kama mtu aliyechoka akijiachia kitandani. Wafanyakazi wapya hushtuka wakiusikia, wakageuka kutazama ni nani. Bi Shuka hageuki. Amewahi kusema kwamba ukiizoea kazi hii unajifunza kuishi na watu wasiokuwepo: unakunja mikunjo waliyoiacha, unafuta alama ya shavu, unawapisha wengine walale.

Kaka yake aliifanya kazi hiyo hiyo kabla yake, katika hoteli nyingine. Wageni walisahau vitu kitandani, na vilivyosahauliwa zaidi vilikuwa vitabu vya vibonzo, vya mashujaa wanaoruka na kubomoa kuta, vimeviringishwa ndani ya shuka, majalada yamechanika. Msimamizi hakuvitaka. Kaka akavichukua nyumbani, vikinuka sabuni. Vilikuwa vya rangi nyeusi na nyeupe, karatasi hafifu, na maneno yake yalikuwa ya lugha ya kigeni.

Kaka alimsomea. Kidole kilipita chini ya maneno yaliyomo kwenye yale maputo yanayotoka vinywani mwa wahusika, polepole, puto baada ya puto, na sauti ikabadilika kila alipobadilika msemaji. Shujaa waliyempenda kuliko wote hakuwa na jina, au kaka hakulitaja. Wao walimwita wa Pazia, kwa kuwa joho lake lilishonwa kwa pazia la njano la nyumbani kwao. Alikuwa na uwezo wa kuruka ila hakupenda kwenda mbali. Alizunguka juu ya paa la nyumba, akahesabu waliolala, akarudi.

Jioni ya mwisho walifika kwenye picha moja iliyojaza ukurasa mzima. Shujaa ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja kimevuliwa, kingine bado mguuni. Nyuma yake mwanamke amesimama mlangoni, amewapa kisogo.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mama yake."

"Mbona hageuki? Hajamsikia?"

"Amemsikia vizuri sana." Kidole cha kaka kilikuwa kimetulia chini ya puto. "Akigeuka atajua ni nani aliyeingia. Asipogeuka, anaweza kuwa yeyote. Anaweza kuwa yule anayemngoja."

"Halafu? Anageuka au hageuki?"

"Halafu kesho. Lala."

Kesho yake kaka aliamka na homa. Walimpeleka hospitali, na hospitali ikarudisha nguo zake. Mjomba alikuja kuyagawa matandiko ya kulalia, godoro na vyombo, kama watu wanavyofanya wasipojua la kufanya, na godoro likaondoka na vile vitabu vyote, kwa sababu kaka alikuwa akivificha ndani ya foronya ya godoro hilo, mahali palipopasuka mshono. Hakuna aliyekumbuka. Bi Shuka alikumbuka usiku, alipolala kwenye mkeka na kusikia sakafu tu.

Hivyo amezeeka akiwa na swali moja. Je, yule mwanamke aligeuka?

Alijifunza ile lugha ya kigeni ukubwani kwa sababu hiyo, ingawa watu aliwaambia ni kwa ajili ya wageni wa hoteli. Alipopata kishikwambi, akaingia kwenye maduka ya mtandaoni, akaandika: shujaa, pazia, njano, mama, mlango. Duka likamletea mapazia. Mpaka leo akifungua kitu chochote mapazia humtokea pembeni, yenye maua na yasiyo na maua, yakimwomba ayanunue.

Ndipo akaanza kuwinda kwenye mapunguzo. Aligundua kwamba majira ya punguzo, wachapishaji hufungua stoo zao. Mashujaa waliosahauliwa, ambao hakuna mtu angewalipia bei kamili, hukusanywa kwenye juzuu moja na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo mtu wake angekuwa, kama yuko. Basi mwaka hadi mwaka akawa anachambua, na katika kuchambua akawa bingwa bila kukusudia.

"Bi Shuka," alisema Mvuke siku moja wakati wa chakula cha mchana. Mvuke ndiye anayeendesha pasi kubwa, mtu wa mdomo, na jina hilo lilimfaa kwa yote mawili. "Bibi mzima mwenye wajukuu, bado unanunua wanaume waliovaa chupi juu ya suruali?"

"Na wewe unayenyoosha chupi za watu usiowajua, nani amekuuliza?"

Mvuke akacheka hadi akakohoa. Kisha akavuta ndoo, akaifudikiza, akaketi karibu naye. "Sawa, nimeshindwa. Nina shida. Binti yangu ameona kuna punguzo, linaisha leo. Anataka huu mkusanyo mnene hapa. Nimchukulie?"

Bi Shuka alivaa miwani, akautazama kidogo tu.

"Huu ni mtego."

"Mtego kivipi? Si mnene?"

"Unene si uzima. Tazama orodha ya yaliyomo. Hadithi inaanzia katikati. Mtoto ataingia kama mtu aliyeingia msibani hajui nani amekufa, analia tu kwa kuwa wengine wanalia." Akapitisha kidole. "Na huu mwingine, ni ule ule wa mwaka jana, wameuvika jalada jipya. Wengi wameununua mara mbili, mimi mmojawapo. Na huu, juzuu ya kwanza wanakupa karibu bure. Ukishanogewa, ya pili inakukamua."

"Kumbe hawa watu ni kama sisi na zile sabuni za kuonjesha."

"Hasa. Halafu fungua kurasa za mfano, uone mchoraji ni yule yule hadi mwisho. Wakimbadilisha katikati, shujaa anaamka asubuhi na pua ya mtu mwingine."

"Sasa nichukue upi, dada yangu? Saa inakimbia."

"Tulia, nikutafutie uliokamilika. Mwanzo uwepo, mwisho uwepo. Mchapishaji aliyefunga biashara ni mzuri, maana hana tena cha kukuongezea."

Akashuka na orodha. Akapita juzuu moja yenye jalada la shujaa wa joho la kijani. Alikuwa ameiona katika mapunguzo mengi yaliyopita na hakuwahi kuifungua, kwa kuwa alitafuta njano. Siku hiyo hakuwa akijitafutia yeye. Aliifungua kwa ajili ya mtoto wa mwenzake.

Ukurasa wa kwanza wa mfano, jiji na moshi. Wa pili, mapigano. Wa tatu, mwanamume ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mkononi.

Nyuma yake shuka zilitua kapuni, pu. Safari hii Bi Shuka aligeuka.

"Una nini?" Mvuke akauliza. "Umeona jini?"

Aligusa sehemu ya kununua, na kioo kikakataa, kwa kuwa kidole kilikuwa kimelowa jasho. Akajifuta kwenye gauni, nalo lilikuwa limelowa. Akanyoosha mkono kwenye rundo la shuka zilizokwisha kunyooshwa, akajifuta kwenye ya juu kabisa, na Mvuke aliyeona hivyo akasimama, maana mwanamke huyu alikuwa amewahi kumnunia siku nzima kwa kuweka kikombe juu ya shuka safi.

Mtandao wa chini ulikuwa dhaifu. Wakatoka hadi kwenye ngazi za wafanyakazi, Mvuke akifuata nyuma bado hajaelewa, na pale ngazini, kati ya harufu ya chakula cha wageni na harufu ya sabuni, kitabu kikashuka chote. Alitafuta ule ukurasa. Sasa ulikuwa na rangi. Joho lililotundikwa kwenye kiti lilikuwa la kijani kibichi. Alilitazama muda mrefu. Kisha akasoma lile puto, kwa mara ya kwanza kwa macho yake mwenyewe.

"Linasema nini?" Mvuke alinong'ona.

"Linasema, 'Wamekwisha kuivusha mashine mpakani.'"

"Nani huyo anayesema?"

"Huyu mwanamke. Ni mpelelezi mwenzake. Anachungulia nje kama wanafuatwa."

Akafungua ukurasa uliofuata. Ilikuwa juu ya paa, watu wanapigana, mwanamke hayumo kabisa. Akaenda mbele hadi mwisho, akarudi nyuma hadi mwanzo. Hapakuwa na mama. Hapakuwa na pazia. Huyu shujaa hakuwahi hata mara moja kuhesabu waliolala. Hakuwa na nyumba. Alikuwa akilala katika vyumba vya kupanga, na chumba kile chenye kitanda kilikuwa cha hoteli.

Akamweleza Mvuke, kwa maneno machache, habari za kaka na godoro na lile swali. Mvuke alivua kofia, akaikunja.

"Kwa hiyo kaka alikuwa hajui kuisoma lugha hiyo."

"Hata herufi moja."

"Alikudanganya, basi. Pole, dada."

"Na kile kidole," alisema Bi Shuka, kana kwamba hakusikia. "Kilikuwa kinapita chini ya kila neno. Hakikuruka hata moja."

Alirudi akanyoosha shuka hadi zamu ikaisha. Kabla ya kuondoka alimnunulia binti wa Mvuke ile ile juzuu ya kijani, kwa kuwa ilikuwa na mwanzo na mwisho, na mchoraji mmoja.

Njiani kurudi nyumbani rangi ya njano ilikuwa ikimfuata. Aliijua ilikotoka. Lilikuwa pazia la mlango wa nyuma wa nyumba ya mama yao, anayeishi naye hadi leo, na bado lipo, limepauka sasa, kila mwaka akilifua kwa mkono wake. Na yule mwanamke asiyegeuka alimjua pia. Baba yao aliondoka siku moja akienda kazini, hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari. Tangu hapo mama akawa na tabia hiyo: mtu akiingia ndani hageuki. Anauliza tu, "Nani?" na kutulia, kisogo kwa anayeingia, mpaka ajibiwe. Kaka alikuwa mkubwa, alikumbuka tabia hiyo ilipoanza. Yeye Bi Shuka aliikuta, akadhani kina mama wote wako hivyo. Kaka alikuwa ameketi kitandani jioni baada ya jioni na vitabu vya watu wengine mkononi, akimsomea nyumba yao.

Alisukuma mlango. Mchana ulikuwa haujaisha, mwanga wa uani uliingia kwa upana. Mama, mzee sasa, mifupa na kanga, alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma akitazama nje, mkono mmoja umeshika pazia.

"Nani?" akauliza mama.

Siku zote Bi Shuka hujibu kabla hata hajafunga mlango. Huliwahi lile neno kama mtu anavyowahi kudaka kikombe. Leo aliketi kwenye kitanda cha sebuleni, akavua kiatu kimoja, akakishika. Hakujibu. Akauacha ukimya ujae chumba, na katika ukimya huo akahisi wote wawili wameingia, baba na vumbi lake la safari, kaka na harufu yake ya sabuni, wakasimama nyuma ya mgongo wa mama wakisubiri kutazamwa. Mabega ya mama yalikuwa yameinuka kidogo. Hakuuliza mara ya pili. Alikuwa akisikiliza, na kwa namna alivyosikiliza ilionekana wazi kwamba hapo ndipo alipoishi miaka yote hii, ndani ya hiki kitambo kifupi, na kwamba binti yake amekuwa akimtoa humo kila siku bila kujua.

Kaka hakuwa amekificha kisa. Hakuwa na mwisho wa kusoma. Alisema kesho kwa sababu hata yeye alikuwa hajui afanye nini na mwanamke huyu: amwache hapo alipo na wote aliowapoteza, au amgeuze akute mmoja tu.

Mkono wa mama juu ya pazia ulianza kulegea. Ungechoka punde. Na mama angekaa hivyo hadi aanguke, kama asingejibiwa.

Bi Shuka aliweka kiatu chini. Alilowesha kidole gumba kwa ulimi, bila kujua kwa nini, akakitazama kinavyokauka. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, ya mtu anayefungua ukurasa karibu na aliyelala:

"Geuka, mama. Ni mimi tu."